Ada Mbili za Fedha ya Simu

Wazee wetu wa pwani waliijua hawala: mtu humkabidhi tajiri fedha yake hapa, na mshirika wa tajiri yule aliye ng'ambo humlipa ndugu aliyekusudiwa, pasipo sarafu yenyewe kuvuka bahari, na habari ya amana hiyo isiwatoke wale waliohusika. Hawala ya zama zetu ni simu, nayo tangu M-Pesa ilipoanzishwa Kenya mwezi Machi 2007, na Tanzania mwaka uliofuata, imewaondolea mkulima na mchuuzi mashaka ya kutia noti katika bahasha na kumpa dereva wa basi.

Mashaka yamepungua, lakini gharama zipo, nazo ni mbili. Ya kwanza ni ada, ambayo hutozwa mtumaji, kisha hutozwa mpokeaji atakapo kutoa. Ndiyo sababu mwenye shida humsihi nduguye atume "na ya kutolea". Na kwa kuwa ada hupangwa kwa viwango, elfu tano ya maskini humegwa kwa kadiri kubwa kuliko laki tano ya tajiri. Serikali ya Tanzania ilipoongeza tozo juu ya ada hizo tarehe 15 Julai 2021, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala, raia walinung'unika sana, hata ilipofika Septemba ikapunguzwa kwa asilimia 30.

Gharama ya pili haitajwi katika ujumbe wowote, nayo ni faragha. Noti haikumbuki mikono iliyoishika, ilhali muamala wa simu huacha jina, namba, kiasi na saa. Litazame daftari la wakala, lililolazwa wazi dirishani na kalamu yake ya kufungwa uzi: mteja akiinama kutia sahihi, jicho lake hupanda mistari ya juu, akajua kwamba jirani yake ametoa laki tatu asubuhi ile ile.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, humwajibisha kila akusanyaye habari za watu kuzihifadhi. Walakini sheria haina mkono wa kufunika daftari. Twausiwa kuificha namba ya siri hata kwa ndugu; basi wakala naye na afunike kwa karatasi mistari ya waliotangulia, na mteja asione haya kumkumbusha.