Vyombo na Majina Yake katika Makumbusho ya Sayansi na Viwanda, Manchester

Mtu aingiaye katika makumbusho ya sayansi na viwanda huenda kwanza akaona vurugu tu. Injini ya reli, mashine za pamba, jicho la mtu aliyekufa zamani na mashine ya kuhesabu vyote vimo katika mkusanyo mmoja. Makumbusho ya mji wa Manchester, Uingereza, ni mfano mzuri wa jambo hili. Madhumuni ya makala haya ni kueleza vitu kadha vya mkusanyo huo, kisha kuuliza swali liwahusulo wachunguzi wa lugha: chombo kigeni kinapofika, Kiswahili hukipa jina kwa njia gani, na jina hilo huishi vipi chombo chenyewe kikiisha kubadilika? Swali hili si la mchezo. Atungaye kamusi, afundishaye ufundi na aandikaye kibandiko cha makumbusho, wote hulazimika kulijibu.

Twaanza na jengo lenyewe. Makumbusho yamo katika stesheni ya zamani iitwayo Liverpool Road, iliyofunguliwa tarehe 15 Septemba, 1830, pamoja na reli ya kutoka Liverpool hadi Manchester, mwendo wa kilomita 50 hivi. Siku hiyo hiyo mbunge William Huskisson aligongwa na injini iliyoitwa Rocket, akafa usiku. Abiria walihamishiwa stesheni nyingine mwaka wa 1844, lakini mizigo iliendelea kupitia hapo hata 1975. Makumbusho yalihamia mahali hapo mwaka wa 1983.

Waswahili walipoiona reli kwao waliita chombo hiki gari la moshi. Jina hilo ni zuri, maana lafahamika mara moja. Lakini halisemi kweli kuhusu kazi ya injini. Kisukumacho pistoni ni mvuke. Moshi ni taka za moto tu. Aliyetoa jina alitaja kile kilichoonekana kutoka mbali, wala hakutaja kile kilichofanya kazi ndani. Hata hivyo jina lilishika. Mwaka wa 1984 na baadaye, injini za dizeli zilipokuwa zimekwisha kutawala reli zetu, watu hawakuacha kusema gari la moshi. Na tangu 2024, yalipoanza magari ya umeme kati ya Dar es Salaam na Morogoro, jina hilo laweza kutajwa kwa chombo kisicho na moshi hata kidogo. Neno treni hulishindana, lakini halijaliua.

Katika mkusanyo huo imo injini ya aina ya Garratt, iliyoundwa Manchester na kampuni ya Beyer, Peacock kwa ajili ya reli za Afrika Kusini. Ni ya daraja la GL, lenye injini nane tu, zilizoundwa mwaka wa 1929 na 1930. Umbo lake lataka maelezo. Katika injini ya kawaida boila hukaa juu ya magurudumu makubwa. Katika Garratt boila hutundikwa katikati, kama machela baina ya wachukuzi wawili: mbele yake mna seti moja ya silinda na magurudumu, nyuma yake seti ya pili, na kila seti huweza kugeuka peke yake. Faida zake ni tatu. Injini ndefu hupita katika kona kali. Uzito hugawanywa juu ya ekseli nyingi, hata reli nyepesi huuhimili. Na tena boila, kwa kuwa halina magurudumu chini yake, huweza kuwa nene na tanuri lake pana.

Kampuni hiyo hiyo iliunda injini 34 za daraja la 59 kwa Shirika la Reli la Afrika Mashariki katika miaka ya 1955 na 1956. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 250 na zaidi, nazo zilipewa majina ya milima ya nchi zetu. Mbili zimehifadhiwa katika makumbusho ya reli ya Nairobi, nazo ni Mount Gelai na Mount Shengena. Kwa hiyo aitazamaye injini ya Manchester hutazama ndugu wa zile zilizopanda kutoka Mombasa hadi Nairobi.

Jambo la tatu ni pamba. Mashine za Manchester zaonyesha kazi kwa utaratibu wake: kuchambua, kuchana, kusokota, kufuma. Hapa Kiswahili hakina haja ya kuomba maneno. Tunayo mtande, yaani nyuzi za urefu zilizotangulia kutandikwa; tunayo mshindio, yaani uzi upitishwao kwa upana; tuna mfumi na kitanda chake. Vigurudumu vya kusokotea vilivyochimbuliwa Kilwa vyathibitisha kwamba kazi hiyo ilifanywa katika pwani hii zamani sana. Lakini nguo za bei nafuu zilipomiminika kwa majahazi na meli, vitanda vingi vilinyamaza, na maneno yake yakabaki katika kamusi kuliko vinywani.

Badala yake lilikuja neno merikani. Wafanyabiashara wa Marekani, ambao serikali yao ilifanya mkataba na Sayyid Said mwaka wa 1833, walileta Unguja nguo nzito ya pamba isiyopaushwa, nayo ikaitwa kwa jina la nchi yao. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, tangu 1861 hadi 1865, viliwanyima watu wa Manchester pamba, na mashine nyingi zikasimama. Vita hivyo hivyo viliipunguza nguo ya Marekani katika soko la Unguja. Baadaye nguo ya namna hiyo ilitoka Uingereza, India na kwingineko, ila jina halikubadilika. Merikani ikawa sifa ya nguo, si habari ya mahali ilikofumwa.

Kitu cha nne ni cha ajabu zaidi: masalio ya jicho la John Dalton, mwanasayansi wa Manchester aliyefariki mwaka wa 1844. Mwaka wa 1794 alieleza mbele ya chama cha wataalamu kwamba macho yake hayakutofautisha rangi kama macho ya wengine. Jani la kijani na lakiri nyekundu vilifanana kwake. Alidhani maji ya ndani ya jicho lake yana rangi ya buluu, akausia macho yapasuliwe atakapokufa. Daktari alipopasua aliona maji meupe safi. Ilipofika 1995 vinasaba vya jicho hilo vilipimwa, ikaonekana kwamba alikosa kipokezi kimoja cha mwanga, kile cha upande wa kijani.

Mchunguzi wa Kiswahili ana la kujifunza hapa. Sifa za rangi zikubalianazo na ngeli kwa shina lake ni tatu: -eusi, -eupe na -ekundu. Nyingine twazitaja kwa kitu: kijani kwa jani, kijivu kwa jivu, manjano kwa kiungo chake. Mtu kama Dalton angeweza kuyatumia maneno hayo bila kosa, kwa kuwa anajua jani ni kijani. Kasoro yake hugunduliwa tu vitu viwili vinapowekwa pamoja na kulinganishwa. Basi kukubaliana katika maneno si dalili kwamba twaona sawasawa.

Mwisho ni mashine iliyopewa jina la Baby. Ile ya asili ilibuniwa katika Chuo Kikuu cha Manchester na Frederic Williams, Tom Kilburn na Geoff Tootill. Iliyomo makumbushoni ni mfano uliojengwa kwa ajili ya maadhimisho ya mwaka wa 1998. Tarehe 21 Juni, 1948, ilitekeleza programu iliyowekwa ndani ya kumbukumbu yake yenyewe: maagizo 17 ya kutafuta kigawo kikubwa cha 262,144, kisichokuwa namba hiyo yenyewe. Baada ya dakika 52 ilijibu 131,072. Jibu lilijulikana, kilichojaribiwa ni mashine. Kumbukumbu yake ilikuwa mistari 32, kila mmoja wenye biti 32, iliyoandikwa kwa umeme juu ya uso wa kioo kama cha televisheni. Kwa chombo cha jamii hii Kiswahili kimejaribu ngamizi, tarakilishi na kompyuta. Wataalamu walipendekeza, lakini soko na ofisi vikachagua kompyuta. Neno kumbukumbu, lililokuwa letu tangu zamani, lilipanuka bila kulazimishwa.

Kwa muhtasari, njia ni tatu: kutaja kinachoonekana, kupanua neno la kale, na kukopa. Hakuna iliyo bora siku zote. Lakini kila jina huficha jambo fulani: gari la moshi huficha mvuke, merikani huficha mfumaji. Kwa hiyo kibandiko cha makumbusho, kama ilivyo kamusi, hakitoshi kikitoa jina peke yake. Yafaa kitoe na kazi ya chombo, na maneno ya mafundi waliokitumia, kabla mafundi hao hawajaondoka na maneno yao.