Istilahi za Uchumi wa Umma na Mkono wa Serikali Sokoni

Makala haya yananuia kufafanua baadhi ya dhana za uchumi wa umma kama zinavyofunzwa katika shahada ya kwanza, na kuonyesha ugumu unaomkabili anayetaka kuzieleza kwa Kiswahili. Tawi hili huchunguza namna serikali inavyokusanya na kutumia fedha. Swali lake kuu ni hili: ni lini inafaa kuingilia soko, na ni lini kuingilia huko huzidisha madhara?

Dhana ya msingi ni bidhaa ya umma, ambayo Paul Samuelson aliichanganua katika makala yake ya mwaka 1954. Mfano mwepesi ni taa ya barabarani. Mwanga unaomfaa mpita njia mmoja haumpungukii mwenzake, na ni vigumu kumzuia asiyelipa asiutumie. Kila mtu basi huvutika kudandia mchango wa wengine, na mfanyabiashara haoni faida ya kuiweka taa hiyo. Hapa ndipo lugha inapomtega mwanafunzi. Aghalabu yeye huiita dhana hii "mali ya umma", ilhali mali ya umma ni kitu kinachomilikiwa na serikali. Gari la wizara ni mali ya umma lakini si bidhaa ya umma, kwani alipoketi waziri hapaketi mwingine. Matangazo ya redio ya mtu binafsi ni bidhaa ya umma ingawa si mali ya umma.

Neno "kodi" nalo lina utata wake. Nchini Tanzania, kodi ndiyo malipo ya lazima kwa serikali. Nchini Kenya neno lililozoeleka ni ushuru, na kodi, kwa wengi, ni pesa za mwenye nyumba.

Kuhusu uingiliaji wenyewe, mfano bora ni riba. Mnamo Septemba 2016 ilianza kutumika nchini Kenya sheria iliyozikataza benki kutoza riba inayozidi kiwango cha Benki Kuu kwa zaidi ya asilimia 4. Nia ilikuwa kumpunguzia mkopaji mzigo. Hata hivyo, benki zilipozuiwa kumtoza zaidi yule ziliyemwona kuwa wa hatari, nyingi ziliona heri kumnyima mkopo na kuikopesha serikali. Mfanyabiashara mdogo, ambaye sheria ilitungwa kwa jina lake, akafungiwa mlango. Sheria hiyo ilifutwa Novemba 2019. Mwanafunzi asikimbilie kuhitimisha kwamba kila uingiliaji ni kosa. Riba za awali zilikuwa za juu, na soko lenyewe halikuwa limezishusha. Isitoshe, kiwanda kinachomwaga uchafu mtoni hakiachi kwa hiari, na ndiyo maana Arthur Pigou, mnamo 1920, alitetea ushuru kwa mwenye kuwadhuru wengine.

Suala hili si la darasani tu. Kifungu cha 201 cha Katiba ya 2010 kinadai umma ushirikishwe katika masuala ya fedha, ilhali miswada ya fedha huandikwa kwa Kiingereza. Anayeitwa kutoa maoni bila istilahi huweza kulalamika, lakini hawezi kuhoji hesabu. "Bidhaa ya umma" na "ukomo wa bei" bado ni maneno mageni kwake. "Ruzuku" halihitaji kutafutiwa kisawe: tangu pakiti ya unga ya kilo 2 iuzwe kwa shilingi 90 mwaka 2017, limo vinywani mwa watu.