Kebo ya Pili Isilale Bure

Leo nakutoa Pwani nikupeleke Isiolo mjini, wadi ya Wabera, iliyobeba jina la Daudi Dabasso Wabera, mkuu wa wilaya aliyeuawa mwaka 1963. Rafiki niliyesoma naye diploma ya kompyuta ndiye aliyeniita. Ofisi moja huko, ambayo sitaitaja, ilikuwa imekwama tangu asubuhi. Wazee na kina mama wako foleni juani, na kila anayefika dirishani huambiwa: "Mtandao hakuna."

Ndani, taa za swichi zilikuwa zikimetameta kama za harusi. Chini ya meza tukakuta swichi ndogo ya bei rahisi, na waya mmoja umechomekwa humo humo ncha zote mbili. Aliyefagia aliuona unaning'inia akaurudisha "mahali pake". Nia yake njema kabisa.

Swichi ikipokea ujumbe unaotangazwa kwa wote, huutoa kwenye milango yake yote isipokuwa ule ulioingilia. Penye duara, ujumbe hurudi, ukatolewa tena, ukarudi tena. Pakiti za intaneti hubeba hesabu inayopungua kila kituo mpaka zife. Fremu za swichi hazina umri. Huzunguka na kuzaana hadi kazi ya haki ikose nafasi. Usidhani ni shida ya ofisi ndogo tu: Novemba 2002 hospitali kubwa ya Boston, Beth Israel Deaconess, ilirudi kwenye karatasi kwa siku kadhaa kwa sababu ya balaa la namna hii.

Dawa ilibuniwa 1985 na Radia Perlman, akiwa kampuni ya Digital. Hata shairi aliutungia ubunifu wake, jambo ambalo sisi watu wa Pwani tunapaswa kulipenda. Itifaki yake, STP, huzifanya swichi zizungumze kila sekunde 2 na kumchagua mmoja wao kuwa shina. Kila swichi hushika njia ya gharama ndogo zaidi kufika kwenye shina, na njia iliyozidi hufungwa. Duara linageuka mti. Njia iliyo wazi ikikatika, ile iliyofungwa hufunguliwa.

Pale Wabera STP ilikuwa imezimwa! Fundi aliyetangulia alichoka kulalamikiwa kwamba kompyuta ikiwashwa inasubiri nusu dakika kupata mtandao. Angeiambia swichi kwamba mlango huu ni wa kompyuta tu, usisubiri, yangekwisha. Akachagua kung'oa mlango wa nyumba kwa sababu kitasa ni kigumu.

Tuliuchomoa ule waya, foleni ikaanza kusogea. Lakini ofisi ile ina majengo matatu, utawala, rejesta na stoo, kila moja lina swichi yake, na kebo zinayaunganisha pembetatu. STP ya kawaida hufunga kebo moja kwa kila kitu. Kebo iliyochimbiwa mtaro kwa pesa za umma ikae inasubiri ajali? Unaweza kuupa kila mtandao pepe mti wake, lakini ukiwa na mitandao pepe 200, swichi zitabeba miti 200.

Hapo ndipo inapoingia MSTP, iliyotoka 2002 na kuingizwa katika kanuni ya 802.1Q mwaka 2005. Unaikusanya mitandao pepe katika mafungu machache, na kila fungu lina mti wake. Fungu la kwanza tuliweka kompyuta za kazi, shina lake utawala. Fungu la pili kamera na simu, shina lake rejesta. Kwa hiyo swichi ya stoo hupitisha kazi za ofisi kwenye kebo ya utawala, na kamera kwenye kebo ya rejesta. Moja ikikatika, nyingine hubeba zote. Shina lazima ulitaje mwenyewe kwa kulipa namba ndogo ya kipaumbele, mathalan 4096. Ukinyamaza zote hubaki 32768, na ushindi huamuliwa na anwani ya kiwandani iliyo ndogo. Mara nyingi anayetawazwa ni swichi kuukuu kuliko zote.

Ila MSTP inadai makubaliano kamili. Swichi za eneo moja lazima ziwe na jina moja la eneo, namba moja ya toleo, na mgawanyo ule ule wa mafungu. Pakitofautiana, swichi huhesabiwa kuwa eneo jingine, na mpakani mafungu yote hufuata mti mmoja wa pamoja.

Kesho yake baada ya swala ya adhuhuri nikatazama hesabu za milango. Kebo ya stoo kwenda rejesta, karibu sifuri. Mtandao ulikuwa unafanya kazi, hakuna aliyelalamika, ningeweza kupanda basi nirudi zangu. Nikafungua mipangilio: utawala na rejesta nimeandika "Wabera", stoo nimeandika "wabera". Kosa langu mwenyewe, herufi moja. Nikairekebisha, na kabla chai haijapoa kamera zikaanza kupita kwenye kebo ya pili.