Isimu na Huduma ya Neno: Shahada ya Uzamili Yamfaa Nini Mchungaji?

Mara kwa mara wanafunzi wetu wanaokaribia kumaliza shahada ya kwanza ya theolojia hutuuliza kama yafaa mchungaji aendelee na masomo ya uzamili katika lugha na isimu. Swali hili si jepesi. Mchungaji akienda chuo kikuu, usharika huachiwa mwinjilisti peke yake, na dayosisi huenda ikalazimika kulipa karo. Tena wako wazee wa kanisa wasemao, "Kiyunani na Kiebrania amekwisha kujifunza; anatafuta nini tena?" Makala hii yakusudia kuwajibu.

Kwanza hatuna budi kutofautisha mambo mawili. Kujifunza lugha ni kupata uwezo wa kuisoma na kuisema. Isimu ni elimu ichunguzayo jinsi lugha yoyote inavyofanya kazi: sauti zake, miundo ya maneno, mpangilio wa sentensi, na maana. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mambo haya yamewekwa pamoja katika Idara ya Lugha za Kigeni na Isimu. Mwanafunzi wa uzamili katika isimu husoma nadharia, huchambua data zilizotoka kwa wasemaji wenyewe, kisha huandika tasnifu.

Pili, tuone faida yake kwa mfano ulio karibu na mimbari. Kwa Kiswahili twasema "roho yangu imechoka", lakini "Roho Mtakatifu ametufariji". Neno ni lile lile, upatanisho umebadilika. Mhubiri aweza kushangilia kwamba sarufi yetu yenyewe yakiri kuwa Roho ni Nafsi, ilhali kwa Kiyunani neno pneuma si la jinsi ya kiume wala ya kike. Hoja hiyo yavutia, nasi tumewahi kuihubiri. Walakini haisimami. Twasema pia "pepo mchafu amemtoka", na upatanisho huo huo twampa mbwa na nzi. Nalo neno la Kiyunani paidion, yaani mtoto mdogo, ni la jinsi ile ile ya pneuma, wala halimaanishi kwamba mtoto si mtu. Nafsi ya Roho Mtakatifu twaikiri kwa ushuhuda wa Maandiko, yanayosema kwamba yeye hufundisha, hushuhudia na huhuzunishwa. Hatuikiri kwa sababu ya kiambishi.

Onyo la namna hii lilitolewa mwaka 1961 na James Barr, mtaalamu wa Agano la Kale kutoka Uskoti, katika kitabu chake The Semantics of Biblical Language. Alionyesha kwamba maana ya neno haitegemei asili yake wala umbo lake la kisarufi, bali jinsi linavyotumiwa na wasemaji katika sentensi.

Historia ya Biblia ya Kiswahili yafundisha jambo hilo hilo. Karl Roehl, mmisionari Mjerumani, alitoa Agano Jipya mwaka 1930 na Biblia nzima mwaka 1937. Alikuwa na elimu kubwa, lakini alijitahidi kuepuka maneno mengi yenye asili ya Kiarabu na kuweka ya Kibantu mahali pake. Aliuliza neno limetoka wapi, kabla ya kuuliza watu wanalisikiaje. Biblia ya Union Version ya mwaka 1952 haikufuata njia hiyo, nayo ndiyo iliyoenea zaidi makanisani.

Basi, je, kila mchungaji aende? La. Sharika zahitaji wachungaji, na isimu haichukui nafasi ya theolojia. Lakini kila dayosisi ingefaidika kuwa na angalau mmoja aliyeisomea. Twamshauri atakayekwenda achague mada ya tasnifu katika lugha ya waumini wake: kwa mfano, achunguze maneno yanayotumika nyumbani na sokoni kwa toba, deni na msamaha. Lugha nyingi za Tanzania bado hazina Biblia nzima, na watafsiri wake watamhitaji mtu wa namna hii.

Mwaka 1524 Martin Luther aliwasihi madiwani wa miji ya Ujerumani waanzishe shule na kuzitunza lugha, akiamini kwamba pasipo hizo Injili haitahifadhiwa vema. Mchungaji aliyejifunza kuwasikiliza wasemaji kwa makini kabla ya kuwafafanulia Neno hajaiacha huduma yake. Ameiandaa.