Umeme wa gatini: waya mmoja, hatari mbili

Majira ya joto yanapofika Texas, kipimajoto hupita nyuzi 38 mara kwa mara, na wakazi wa Dallas, zikiwemo familia zilizotoka Afrika Mashariki, hukimbilia maziwa. Moja kati ya hayo ni Joe Pool, kando ya mji wa Cedar Hill, lililotokana na bwawa lililokamilika katika miaka ya 1980. Ndani ya hifadhi ya jimbo iliyo ufukweni mwake kuna magati ya kuegeshea boti.

Boti iliyofungwa gatini haiwashi injini ili kupata umeme. Huvuta waya mnene hadi kwenye nguzo fupi iliyosimama gatini, na kutoka hapo hupata umeme wa kiyoyozi, jokofu na chaja ya betri. Ni waya ambao wenye boti wengi huununua bila kuuliza mengi, kisha wakausahau juani miaka kumi.

Kuna mambo mawili ya kuogopa: moto, na umeme kuvuja majini. La pili ndilo lisilojulikana sana, nalo ndilo huua waogeleaji.

Waya gani ununuliwe?

Nchini Marekani boti nyingi za kadiri hutumia waya wa ampia 30 kwa volti 120. Boti kubwa hutumia ampia 50. Hesabu yake si ngumu: ampia 30 mara volti 120 ni wati 3,600. Lakini mzigo wa saa nyingi haupaswi kupita asilimia 80 ya kiwango hicho, yaani wati 2,880. Kiyoyozi cha wati 1,500 kikiwaka pamoja na hita ya maji ya wati 1,500, kiwango hicho tayari kimepitwa.

Waya unaofaa ni ule uliotengenezwa kwa ajili ya boti, wenye ganda linalostahimili jua, mafuta na maji. Waya wa nyumbani wa kuongezea urefu, hata ule mnene wa rangi ya machungwa unaouzwa madukani kwa kazi za uani, haufai. Mwingi umekusudiwa ampia 13 au chini ya hapo. Urefu nao una gharama yake. Waya mrefu kuliko unavyohitajika hupoteza nguvu, na ukiachwa umeviringwa kwa wingi hushindwa kutoa joto lake.

Moto wenyewe kwa kawaida hauanzii katikati ya waya. Huanzia kwenye ncha, hasa ile inayoingia botini, ambako chumvi, unyevu na kutikisika kwa boti hulegeza mguso wa chuma kwa chuma. Plagi ya Marekani ya ampia 30 huingizwa kisha ikazungushwa ili ijifunge. Wengi huizungusha nusu tu, na pete ya nje ya kuikaza hawaigusi. Plagi yenye doa la kahawia au jeusi, au inayochoma mkono baada ya saa moja ya kazi, haisafishwi ikarudishwa. Hutupwa, pamoja na soketi iliyoungana nayo, kwani soketi iliyoungua itaiharibu plagi mpya vilevile.

Utaratibu wa kuunganisha nao una maana yake. Swichi ya nguzo huzimwa kwanza, ncha ya botini ikaunganishwa, kisha ya nguzoni, ndipo swichi ikawashwa. Wakati wa kuondoka, vyombo vya botini huzimwa, swichi ya nguzo ikazimwa, na ncha ya nguzoni hutolewa kwanza. Anayefanya kinyume anaweza kujikuta ameshika, au ameangusha majini, ncha yenye umeme.

Kwa nini maji matamu?

Mwaka 1999, katika jimbo la Oregon, mtoto wa miaka minane alifariki dunia akiogelea karibu na boti zilizoegeshwa. Alikuwa amevaa jaketi la kuokoa maisha, na uso wake haukuzama. Julai 4, 2012, wavulana wawili wa miaka 10 na 11 walikufa kwa umeme gatini katika ziwa Cherokee, Tennessee, na jimbo hilo likatunga sheria ya usalama wa magati.

Kinachotokea ni hiki. Chombo kibovu botini huvujisha umeme. Waya wa ardhi ukiwa mzima, umeme huo hurudi nchi kavu kupitia humo. Ukikatika, au fundi wa mtaani akiukata ili swichi iache kujizima, umeme hutafuta njia nyingine kupitia majini. Maji ya chumvi hupitisha umeme vyema kuliko mwili wa binadamu, hivyo sehemu kubwa humzunguka mtu. Katika maji matamu mwili ndio njia rahisi. Miliampia 15 hivi zinatosha kukaza misuli asiweze kuogelea.

Kwa hiyo tatizo hili linawahusu zaidi watu wa Kisumu, Mwanza na Port Bell, kandokando ya ziwa Victoria, kuliko wale wa Mombasa au Unguja, ingawa moto haubagui maji. Umeme wa Afrika Mashariki ni wa volti 230 hadi 240, takriban mara mbili ya ule wa Cedar Hill, na waya wa Marekani haupaswi kutumika huko.

Kinga bora ni swichi inayojizima umeme ukivuja kiasi cha miliampia 30. Fundi pia anaweza kuzungushia waya mzima kipimo cha kubana, boti ikiwa inatumia umeme. Kinapaswa kusoma sifuri. Kikisoma zaidi, sehemu ya umeme hairudi kupitia waya huo.

Hakuna kipimo, hata hivyo, kinachohalalisha kuogelea gatini penye umeme. Boti iliyokuwa salama asubuhi inaweza kuvujisha umeme jioni, kiyoyozi kinapowaka. Muogeleaji akihisi mwasho au ganzi, ageuke arudi alikotoka, asiguse ngazi ya chuma. Walio gatini wasijitose kumfuata: wazime swichi zote za nguzo, wamrushie boya, na huko Marekani wapige simu 911.