Sura ya Saba: Difu Inayogoma Konani

Mzee mmoja alifika saa mbili asubuhi na pikapu ya Kijapani, nyuma matenga matupu ya nyanya yakigongana. "Fundi, gari lina homa. Linatetemeka nyuma." Kabla ya kufika kwangu alikuwa ameshabadilishiwa krosi zote za propela pamoja na senta beringi, na fundi wa mwisho alimwambia difu imekufa, aanze kutafuta ya mtumba. Nikamwuliza kitu kimoja tu: mzee, linatetemeka ukienda moja kwa moja, au ukikata kona?

Akanyamaza kidogo, akaonyesha geti kwa kidevu. "Hapo. Nilipokuwa naingia. Likafanya grrr-grrr-grrr, kama linaburuzwa juu ya ngazi. Barabara kuu halina neno."

Nusu ya kazi ilikuwa imekwisha na spana zilikuwa bado sandukuni.

Gari likikata kona, tairi la nje hutembea mbali kuliko la ndani. Hilo kila dereva analijua. Wasilolijua wengi ni kiasi. Pikapu ambayo matairi yake ya nyuma yameachana mita 1.5 ikizunguka duara zima, tairi la nje litamzidi mwenzake kwa mita 9.4 hivi, liwe duara la uani au la kuuzunguka uwanja wa mpira. Deni ni lilelile. Ila uwanjani linalipwa kidogo kidogo katika mamia ya mita, na uani linadaiwa lote ndani ya mita 30 na ushei.

Difu ndiyo inayolipa. Mfaransa Onésiphore Pecqueur aliibuni kwa ajili ya gari la mvuke miaka ya 1820, na wazo lake halijabadilika sana: vigia vya ndani vinaruhusu tairi moja liharakishe na jingine lichelewe. Ubaya wake unaujua kama umewahi kukwama. Difu ya kawaida hugawa nguvu sawa pande zote mbili, kwa hiyo tairi moja likiwa kwenye tope, lile lililo pakavu nalo halipati zaidi ya ile nguvu ndogo ambayo tope linaweza kubeba. Unakanyaga mafuta, moja linazunguka kama pia, jingine linakutazama.

Dawa yake ni difu ya LSD (limited-slip differential), ambayo Packard ya Marekani ilianza kuwauzia wateja wa kawaida mwaka 1956, na ambayo leo imo kwenye pikapu nyingi bila mwenye gari kuwa na habari. Ziko za aina kadhaa. Inayotuhusu hapa ni ile ya pleti. Ndani ya kasha lake mna pleti nyembamba za klachi zilizopangwa kwa zamu: moja imeshikamana na kasha, inayofuata imeshikamana na gia ya ekseli, na springi inazibana zote pamoja. Tairi moja likitaka kukimbia peke yake, pleti zinakataa. Kwenye tope, kukataa huko ndiko kunakokutoa. Kwenye kona inabidi zikubali kuteleza, na hapo ndipo ugomvi unapoanza.

Umewahi kusikia chaki ikilia ubaoni? Vitu viwili vilivyogusana na kutulia hung'ang'aniana kuliko vikiwa mwendoni. Pleti hushika, ekseli inajipinda kidogo kama kamba inayosokotwa, nguvu inazidi, pleti zinaachia ghafla, ekseli inajinyoosha, zinashika tena. Mchezo huo ukirudiwa mara nyingi ndani ya sekunde moja, ndiyo ile grrr-grrr ya getini. Na unatokea mwendo wa taratibu kwa sababu kona kali huchukuliwa taratibu, na pleti zinazosogea polepole ndizo zinazopata nafasi ya kushika kila mara.

Anayepatanisha ni oili. Oili ya LSD ina kiungo cha ziada, chembe za aina ya mafuta zinazojibandika kwenye uso wa pleti ili mshiko wa kutulia usizidi mshiko wa kuteleza. Kiungo hicho huchoka kwa joto na umri. Na kikikosekana kabisa, hata difu mpya itagoma.

Kabla ya kuihukumu difu, ondoa washukiwa wengine. Mtetemo unaokuja gari likiondoka moja kwa moja kutoka lilipokuwa limesimama, hasa likiwa na mzigo, mara nyingi ni wa propela: krosi, senta beringi, au springi za nyuma zilizolegea na kuiacha difu iinue pua. Klachi ya gia nayo hufanya hivyo. Gari la otomatiki likitetemeka kati ya kilomita 50 na 80 kwa saa huku umekanyaga mafuta kidogo, tafuta kwenye giaboksi. Na angalia kijiti cha 4x4! Gari lililoachwa 4H juu ya lami kavu hugoma konani kwa namna ileile kabisa. Niliwahi kupoteza nusu siku nikiwa chini ya gari la mtu, kumbe kijiti kilikuwa hapo tangu mvua za wiki iliyopita.

Kama hujui difu ni ya aina gani, tafuta kwanza kibandiko au kibati chenye herufi LSD. Hakipo? Weka vizuizi matairi ya mbele, inua nyuma yote juu ya stendi imara, injini imezimwa, gia huru, handibreki imeachiwa. Zungusha tairi moja kwa mkono. Likimfanya mwenzake azunguke upande uleule, ni LSD. Akizunguka kinyume, ni difu ya kawaida, au ni LSD ambayo pleti zimekwisha. Hii ya pili huwa haitetemeki. Ilishasalimu amri zamani.

Usithubutu kuinua tairi moja tu kisha ukawasha injini na kuingiza gia. Kwenye difu ya kawaida lililo juu lingezunguka bure. Kwenye LSD, lililo chini litasukuma gari liruke kutoka kwenye jeki, na wewe uko chini yake.

Kwa yule mzee tuliendesha gari kilomita chache ili oili ipate moto, kisha nikafungua nati ya kujazia. Hiyo kwanza, ya kumwagia baadaye: kuna mtu aliyemwaga oili yote halafu akakuta nati ya juu imeshikwa na kutu, gari likalala hapohapo. Kwenye sumaku ya nati ya kumwagia kulikuwa na uji wa kijivu, jambo la kawaida. Ningepata vipande vinavyokwaruza kucha, tungeongea habari nyingine. Oili ingekuwa nyeupe kama maziwa, ningejua amevuka mto na bomba la kupumulia la difu limeziba, maji yakanyonywa kupitia sili. Yake ilikuwa safi mno. Wiki tatu nyuma alibadilishiwa oili, na aliyembadilishia alimwekea ya giaboksi, GL-4. Gia za difu zinataka GL-5, na pleti zinataka ile iliyoandikwa LSD.

Nilijaza hiyo ya LSD mpaka ikachungulia kwenye tundu. Kiungo cha ziada huuzwa pia peke yake; Ford, kwa mfano, waliagiza mililita 118 kwa difu ya nyuma ya pikapu yao ya F-150. Kikizidi, pleti zinateleza moja kwa moja na umerudi kwenye difu ya kawaida. Kama oili uliyonunua inacho tayari, subiri uone.

Tukaenda kiwanja cha mpira, nikamwambia aendeshe umbo la nane, taratibu, mara 10, ili oili mpya iingie kati ya pleti na kuitoa ya zamani. Nane ya tatu bado iligoma. Ya saba ikanong'ona. Ya mwisho kimya, mzee akatoa kichwa dirishani anacheka.

Mimi sikucheka, maana nilikuwa nimesimama nyuma ya gari nikiangalia matairi. La kushoto lilikuwa jipya, la kulia kipara. Moja likiwa na kipenyo cha sentimita 70 na jingine 68.5, kila kilomita dogo linazunguka mara 10 zaidi. Kutoka Ilula mpaka Dar es Salaam na nyanya zake, ni kama mizunguko 4,500, na yote inapita kwenye pleti, barabara ikiwa imenyooka. Nikamwita aje aone. Akainama, akapitisha kiganja kwenye kile kipara, akaniuliza tairi la pili linauzwa bei gani.