Siku moja Mji wa Kale, na leso iliyokaribia kuniponza

Wewe unayeishi Tudor, Bamburi ama Likoni, hebu sema ukweli: mara ya mwisho kuingia Fort Jesus ilikuwa lini? Mimi ilikuwa darasa la sita, tumevaa sare, tunasukumana. Tangu hapo napita nje tu, napiga selfi, najiendea zangu.

Juzi nikaamua kuutembea mji wangu kama mgeni. Kulikuwa na sababu nyingine pia. Nilimkosea mamangu. Niliacha chuo mwaka wa pili na sikumwambia, akaja kusikia kwa watu. Maneno yalinishinda, nikasema basi nimnunulie leso.

Langoni utawakuta waongoza watalii. Patana bei kabla hamjapiga hatua. Wangu alikuwa mzee mpole, ananiita mwanangu tangu salamu. Akaniuliza, "Ngome hii nani aliichora?" Nikajibu Mreno. Akacheka. Wareno ndio walioijenga, 1593 hadi 1596, lakini ramani ni ya Giovanni Battista Cairati, Mwitaliano wa Milano. Ukiitazama kutoka juu, imekaa kama mtu aliyelala chali.

Ndani anakuonyesha kuta, wewe unaona mawe, yeye anaona watu. Machi 1696 jeshi la Oman liliizingira ngome, na waliokuwa ndani wakaisha kwa njaa na maradhi hadi ilipotekwa Desemba 1698. Waingereza nao wakaifanya jela, 1895 hadi 1958. Mwaka wa 2011 UNESCO ikaiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia. "Watu walifungwa humu," mzee akasema, "na nyinyi mwaja kucheka na simu." Nikaiweka simu mfukoni.

Kutoka hapo shika Ndia Kuu kwa miguu. Inua macho: roshani za mbao, milango ya nakshi. Utapita msikiti wa Mandhry, ambao watu huutaja kuwa wa 1570, kisha ushuke mpaka bandari ya kale. Vaa kiheshima, na usimpige mtu picha bila kumwomba. Hapa ni nyumbani kwa watu. Ukichoka, tafuta kahawa tungu na kashata.

Marikiti tuliagana na mzee, nikamlipa tulivyopatana na kidogo juu. Hapo ni binzari, iliki, achari na mabuyu, pua yako itakuongoza. Uliza bei vibanda vitatu kabla hujafungua pochi.

Halafu Biashara Street, mtaa wa leso. Mzee alikuwa ameshanieleza kwamba neno lenyewe limetoka kwa Wareno, ni kitambaa cha mkono. Kila leso ina pindo, mji na jina, yaani yale maandishi. Nikaona moja ya rangi ya machungwa, jina lake "Usisafirie nyota ya mwenzio." Nikasema hii ndiyo yangu! Si niliacha kozi ambayo sikuichagua?

Mama muuzaji akanitazama. "Wampelekea nani?"

"Mamangu."

"Mmekosana?"

Nikanyamaza.

"Basi rudisha, mwanangu. Hiyo atadhani wampiga kijembe. Leso husema, na ikishasema huwezi kuirudisha mdomoni."

Nilihisi jasho. Kumbe nilikuwa karibu kumtukana mamangu kwa pesa yangu mwenyewe! Akanichagulia nyingine, nyekundu na nyeupe, "Nani kama mama." Nikamwambia hiyo kila mtu anayo. Akasema, "Wewe umeshawahi kumwambia?" Nikalipa bila kuteta bei, ingawa wewe teta.

Jioni nikampa. Akaifungua, akasoma jina, akasoma tena. Hakusema kitu kuhusu chuo. Akaniuliza, "Umekula?" Nikajibu sijala, ingawa nilikuwa nimeshiba viazi karai. Tukakaa, na kabla sahani haijaisha nikamweleza mwenyewe yote, tangu siku ya kwanza niliyokosa darasa. Alilia kidogo. Bado ana hasira, na ana haki.

Kwa hivyo Jumamosi hii acha mall. Tafuta mzee mmoja anayeujua mji, mlipe haki yake, umsikilize. Na ukifika Biashara, soma jina kabla ya kupenda rangi.